Utepe wa Bama

Mwezi wa saba ukikaribia, mgongo wangu huanza kuuma kabla sijakaa kwenye cherehani. Siku ya Mashujaa hiyo inakuja, na watu kuanzia Kasulu mpaka Kibondo wanakumbuka ghafla kwamba karibu na stendi yupo bibi mmoja mkali anayezijua nishani. Zamani walikuja wazee wenyewe, askari wa Keya, jeshi la Mwingereza, wakapiga saluti mlangoni utadhani baba yangu alikuwa jenerali. Wazee hao wamekwisha. Sasa wanakuja wajukuu na chuma ndani ya mfuko wa nailoni, na wengi wanauliza bei kabla ya kuuliza vita. Nimechoka nao, nasema kweli. Nimechoka na vita ambavyo hata sikuvipigana.

Mimi ni Mwanahawa binti Haidari, fundi wa nguo. Baba yangu alitoka Pangani, akawa fundi cherehani wa Keya pale Tabora wakati wa vita vya Hitla. Vita vilipokwisha akahamia huku Kasulu na mke mmoja, cherehani moja na mkebe wa biskuti uliojaa tepe za nishani. Mkebe huo ndio shule yangu.

Nishani nyingi za vita vile Mwingereza hakuziandika jina la mtu. Aligawa tu, mamia kwa mamia, zote sawa. Kwa hiyo anayezungumza ni utepe. Ukiwa na rangi ya mchanga na mstari mwekundu katikati, mwenyewe alikuwa Habeshi au jangwani. Ukiwa wa buluu iliyoiva, nyekundu katikati na vijimistari vya rangi ya chungwa pembeni, huyo alifika Bama, yaani Burma, ng'ambo ya bahari, kwenye msitu na mvua. Ukiwa wa rangi ya chungwa na kingo za kijani, huyo alilinda nyumbani. Alikesha kwenye maghala na reli, hakuvuka bahari. Halafu unaangalia chuma. Za Habeshi na za Bama ni nyota za ncha sita. Ya ulinzi wa nyumbani ni ya duara, kama sarafu kubwa, ina kichwa cha mfalme asiye na taji. Ipo na nyingine ya duara waliyopewa askari wote, huko mfalme amevaa taji. Hayo tu. Mtu akiniuliza zaidi ya hapo nitamwambia aende kwa wasomi.

Juzi Jumanne, saa nne asubuhi, aliingia mwanamke mzee kashikiliwa mkono na mwanawe. Vumbi la njia lilikuwa limewapaka mpaka nyusi. Mwanamume alikuwa wa miaka hamsini na kitu, koti la suti, simu mkononi, uso wa mtu mwenye mambo mengi ya kupanga.

"Amahoro, mdogo wangu," alisema yule mama.

"Amahoro, dada. Karibuni, kaeni."

"Shikamoo, mama," alisema mwanamume. "Mimi naitwa Reverien. Huyu mama yangu, Esteri. Tumetoka Kumsenga, kule Kibondo, na basi la alfajiri, na leo leo tunarudi. Tuna haraka kidogo."

"Kila anayeingia humu ana haraka," nilimwambia. "Mwenye nishani tu ndiye hana."

Esteri alicheka. Kicheko chake kilikuwa kidogo na cha kuchoka, nikampenda. Alifungua pindo la kitenge, akatoa kitambaa, ndani ya kitambaa akatoa nishani ya duara. Utepe wake ulikuwa umetafunwa na mende nusu nzima, lakini rangi zilionekana. Buluu, nyekundu, chungwa.

Ilikuwa Bama, kwenye chuma cha duara.

Niligeuza. Upande mmoja kichwa cha mfalme, hana taji. Upande wa pili, pale ambapo ingeandikwa ni nishani ya nini, chuma kilikuwa kimesuguliwa tupa kikawa laini, na juu yake mtu amegonga herufi kwa msumari, moja juu moja chini: NDAYISENGA.

"Nani alisugua hapa?"

"Mama yangu alimpa mhunzi," alisema Esteri. "Mwaka arobaini na nane waliitwa boma, akapewa nishani za data, baba yangu, kwa sababu mwenyewe hakutokea. Akaona hazina jina. Akasema, sasa nani atajua ni ya mume wangu? Sura ya mfalme aliogopa kuigusa. Basi mhunzi akafuta yale maandishi ya nyuma, akaweka jina."

Nimeona nishani tano au sita za namna hiyo hapa kwetu. Watu wanafuta kile ambacho nishani ilitaka kusema ili waandike kile wanachotaka wao. Siwalaumu. Mimi nina yangu.

Maana nilikuwa nimekwisha kuujua ule mshono. Uzi mweusi, pindo limekunjwa mara mbili, fundo limefichwa upande wa kushoto. Ni mkono wangu, nilipokuwa msichana.

"Hujanikumbuka," Esteri alisema. "Mimi nakukumbuka. Mwaka sabini na tatu, mwaka wa Operesheni Vijiji. Ulikuwa umekaa pale pale, na mzee wako alikaa dirishani. Nilikuwa na huyu mgongoni." Akamgusa Reverien goti.

Nilimkumbuka. Mungu anisamehe, nilikuwa nimemkumbuka tangu alipofungua kitambaa.

Reverien akachukua nafasi, akanieleza kwa mpangilio, kama anayesoma matangazo kanisani. Babu yake, Ndayisenga, alikuwa mtoto wa watu waliovuka kutoka Burundi kukimbia kiboko cha Mbelgiji. Akaoa Kumsenga. Mwaka arobaini na moja akachukuliwa Keya, mkewe akiwa na mimba ya Esteri. Hakurudi. Hakuna barua ya kifo, hakuna mtu wa serikali aliyesema amekufa. Boma walisema hajulikani alipo, basi. Kwa sababu hiyo msiba wake haujawahi kukaliwa wala kuvuliwa. Huwezi kuganduka, yaani kuvua msiba na kuruhusu watu waendelee na maisha, kwa mtu ambaye hujui alipolala. Sasa Esteri ana miaka themanini na tatu, moyo unamsumbua, na amesema hataki kufa akiwa na msiba wa baba yake shingoni. Jumamosi ukoo mzima unakutana Kumsenga. Kando ya kaburi la bibi wamejenga jingine, tupu, la saruji. Kilichobaki ni maandishi.

Akanionyesha kwenye simu: NDAYISENGA, ASKARI WA KEYA. ALIFIA BAMA 1944.

"Huo mwaka umetoka wapi?"

"Nilimuuliza mwalimu wa historia. Alisema askari wa huku walikuwa Bama mwaka huo. Sasa tunaomba vitu viwili, mama. Utepe mpya, huo wa zamani utoe wote, unatia aibu. Na karatasi yenye sahihi yako kwamba ni nishani ya Bama. Mtendaji wa kata anaitaka ndipo jina lisomwe Siku ya Mashujaa. Fundi wa kuchonga naye anangoja simu yangu."

Nilichukua karatasi. Nilichukua na kalamu. Niliandika: *Mimi Mwanahawa Haidari nathibitisha kwamba*. Hapo mkono ukagoma.

Niwaambie nilichofanya mwaka ule. Nilikuwa na miaka kumi na saba. Baba alikuwa na mtoto wa jicho, macho yote mawili. Rangi bado aliziona akisogea dirishani, lakini sura na maandishi yalikuwa yamekwisha kumpotea. Kwa hiyo mimi nilishona, yeye akasema vita. Sheria ya duka ilikuwa moja tu: utepe mpya ufanane na wa zamani, na ule wa zamani usitupwe. Unashonewa chini ya mpya, usionekane, kwa sababu jasho la mtu limo.

Utepe aliokuja nao Esteri ulikuwa wa chungwa na kijani. Nilifungua mkebe, nikakuta wa chungwa na kijani umekwisha. Nilitakiwa kumwambia baba kabla haujaisha ili aandike barua Dar, na nilikuwa nimesahau, na baba alikuwa na rula ya mbao. Mle ndani ulikuwapo wa Bama. Ulikuwa mzuri, nao una rangi ya chungwa kidogo. Mteja ametoka mbali na mtoto mgongoni. Nikaushona juu. Nilidhani utepe ni utepe.

Jioni Esteri akamuuliza baba: mzee, baba yangu alipigana wapi? Baba akaisogeza dirishani. Akapapasa ukingo kwa kidole gumba, akakunja uso. "Hii ni ya duara. Bama walipewa nyota. Mwanahawa, ndivyo ulivyoukuta utepe wake?"

"Ndiyo, baba," nilisema.

Aliniamini. Akamwambia Esteri kwamba bila shaka nyota imepotea, watu wengi wamepoteza nyota, utepe ndio umebaki. Baba yako ni mtu wa Bama, mwanangu, na kama hakurudi mpaka leo basi amelala huko. Pole sana. Esteri alilia kidogo, akamfunga mtoto vizuri, akashukuru, akaondoka.

Miaka hamsini na mbili. Nimeolewa, nimefiwa, nimezaa, nimekwenda Maka, nimerudi. Nikajiambia ni jambo dogo. Yule mama alitaka jibu, akapata jibu, na kufia Bama ni heshima kuliko kulinda ghala. Nilijiambia hivyo mara nyingi sana kwa jambo dogo.

"Kalamu haiandiki?" aliuliza Reverien.

"Nianze na utepe," nilisema.

Nikachukua wembe, nikafumua. Uzi wa ujana wangu ulikatika kwa urahisi, ulikuwa umeoza. Utepe wa Bama ukaanguka mezani. Chini yake, safi kuliko wa juu kwa sababu haukuwahi kuona jua, ukabaki ule mwingine. Chungwa, na kingo za kijani.

Esteri aliinama. "Na huu ni wa nini?"

"Bitana," nilisema. "Tunaweka chini ili wa juu usichakae."

Haya basi. Hajja mzima wa miaka sitini na tisa, na nimedanganya tena, haraka kuliko mara ya kwanza. Reverien akasema sawa, utoe na huo bitana.  Esteri alichukua ule utepe wa Bama uliotafunwa, akaulaza kwenye kiganja, akaanza kuupapasa kama mtu anayempapasa mtoto mgonjwa, huku akizungumza nami. Sidhani alikuwa na nia yoyote. Ni uzee tu.

"Tulimkosea sana mama kwa miaka ile kabla hatujajua," alisema. "Tulimwona kama ana wazimu. Alipata barua moja tu, mwaka wa kwanza, data aliandikiwa na mwenzake. Ilisema: niko Tabora, nalinda stesheni, nitakuja mvua zikikatika. Basi. Sisi tukajua Tabora alipita tu, kwenda kupanda meli."

"Tabora," nilisema.

"Ego, Tabora. Sasa Operesheni ilipokuja, wakatuambia wote tushuke kijijini, barabarani. Mama akakataa. Akasema mume wangu akirudi atanikuta wapi? Anaijua nyumba hii tu. Mgambo wakaja mara mbili. Ndipo akanituma kwako na nishani. Akasema, kaniulizie kama yu hai au amekufa, nami nitafanya kama watakavyosema."

 Niliuliza swali ambalo baba hakuuliza, kwa sababu aliniamini.

"Dada Esteri. Nishani zilikuwa ngapi?"

"Mbili. Moja tulimzika nayo mama."

"Hiyo ya pili ilikuwaje? Ilikuwa na ncha? Kama nyota?"

"Oya, hapana. Ya duara kama hii hii. Mfalme tu yeye alikuwa amevaa kofia."

"Kofia ya mfalme? Taji?"

"Hiyo."

Basi kila kitu kilikuwa mezani. Mbili, zote za duara. Ya ulinzi wa nyumbani, na ile waliyopewa wote. Na ile ya ulinzi, baba alinifundisha, mtu wa huku hakupewa mpaka akamilishe miaka mitatu kwenye nchi yake. Aliyeingia Keya arobaini na moja, hapo ni arobaini na nne. Mwaka ambao Reverien anataka kumwua Bama, mtu huyu alikuwa hai, Tabora, analinda stesheni.

Ningeweza bado kunyamaza. Karatasi ilikuwa mbele yangu, nusu imeandikwa, na watu wa Kumsenga wameshaloweka mtama wa pombe. Niseme kwamba niliogopa Mungu? Sijui. Nilikuwa nimechoka. Kuna uchovu wa kazi na kuna uchovu wa kubeba, na huu wa pili hauishi hata ukilala.

"Huu si bitana," nilisema. "Reverien, kaa. Kaa, baba, usiangalie saa."

Nikawaambia. Sikuremba. Mkebe, rula, utepe ulivyokwisha, baba alivyouliza, nilivyojibu. Nikawaeleza rangi ya chungwa na kijani maana yake nini. Nikasema: hakuvuka bahari. Haijaandikwa popote kwamba alikufa. Ninachokijua ni kwamba mpaka vita vinakaribia kwisha alikuwa kwenye nchi hii, na ukiniuliza mimi, alikuwa Tabora.

Reverien alisimama, akakaa, akasimama tena. "Mama, wewe unajua watu wangapi wanakuja Jumamosi? Unajua?" Sauti ilimpanda. "Miaka yote hii sisi tunasema Bama. Mdogo wangu tulimpa jina Bama! Kanisani tunamwombea marehemu aliyeko Bama! Kwa nini usingenyamaza tu?"

"Hata mimi najiuliza," nilimjibu, na ilikuwa kweli.

Esteri hakupandisha sauti. Alikuwa ameuweka utepe wa Bama mezani, mbali kidogo naye. "Ulikuwa na miaka mingapi?"

"Kumi na saba, dada."

"Mtoto." Alifikiri. "Kutoka Kigoma mpaka Tabora ni treni, si ndiyo? Unalala, asubuhi umefika."

"Ndiyo."

"Na data, mwaka ule nilipokuja hapa, angekuwa na umri gani?"

Reverien alipiga hesabu kimya kimya, ingawa hakuna aliyemwomba. Niliona midomo yake ikicheza. "Alichukuliwa akiwa na ishirini na mbili," alisema taratibu. "Mwaka sabini na tatu... hamsini na nne."

"Hamsini na nne," Esteri alirudia. "Wewe leo una hamsini na mbili."

 Nje kondakta aliita abiria wa Makere. Niliomba anitukane. Nilitaka anipige hata kofi, nikae na maumivu yanayoonekana. Nikamwambia, dada, nisamehe. Akatikisa kichwa, si kwa kukataa, ni kama mtu anayefukuza nzi.

Simu ya Reverien iliita. Ni fundi wa kuchonga. Akamtazama mama yake, simu ikiendelea kuita mkononi. "Nimwambie aandike nini?"

"Jina," alisema Esteri. "Aandike jina, basi. Kwingine aache wazi."

"Na Jumamosi?"

"Jumamosi watu watakula, watarudi kwao. Mimi siwezi kuvua msiba wa mtu ambaye sijaambiwa amekufa."

Nilimshonea nishani ile. Utepe wa chungwa na kijani mkebeni haupo tangu mwaka ule. Kwa hiyo nilisafisha ule wa zamani kwa maji ya uvuguvugu, nikaupiga pasi chini ya kitambaa, nikaukunja na kuurudisha peke yake, bila kitu juu. Sikuchukua pesa, na Reverien hakuniuliza. Karatasi niliichana, nikaandika nyingine: nishani ya ulinzi wa nyumbani, miaka mitatu, hakuna ushahidi wa Bama. Nikatia sahihi. Hakuipokea yeye, aliipokea mama yake.

Mlangoni Esteri alisimama kupumua. Alishika fremu kwa mkono mmoja, nishani kwa mwingine.

"Nilirudi Kumsenga siku ya tatu," alisema. "Nilimkuta mama amekaa mlangoni, mgambo wamesimama uani. Nikamwambia, mama, data alifia Bama, amesema fundi wa Kasulu. Hakulia. Aliingia ndani, akatoa chungu na mkeka, akawaambia mgambo haya, ezueni. Waliezua nyumba yote siku ile ile. Sisi tukashuka barabarani."

"Dada," nilisema.

"Mimi sikulaumu, mdogo wangu. Nafikiria tu mvua za mwaka ule zilipokatika." Alivuta kitenge mabegani. "Kama alikuja, alikuta migomba tu."